Buni Iliyobaki: Kahawa Inayokaangwa Singida

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi Tanzania tulikariri mikoa kwa mazao yake. Katani Tanga. Pamba Mwanza na Shinyanga. Karafuu Unguja na Pemba. Ikifika kahawa, mikono inapanda juu: Kilimanjaro! Kagera! Mbeya! Ruvuma! Hakuna mtoto aliyewahi kutaja Singida, na angetaja angezomewa. Singida ni alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Ni nchi ya mawe makubwa, upepo mkali na mvua za kusuasua, na mbuni (mti, si yule ndege) hauna hamu na nchi ya namna hiyo.

Lakini pita Majengo, Singida mjini, asubuhi moja ya siku ya kukaanga. Harufu ya kahawa itakufikia kabla hujauona moshi. Kuna nyumba pale ambayo kahawa haifiki ikiwa unga wa pakiti wala ya kwenye kopo. Inafika ikiwa buni mbichi ndani ya gunia, inakaangwa uani, inatwangwa, inachemshwa, na jioni inanywewa hatua thelathini kutoka pale ilipokaangiwa. Wenyewe wala hawapaiti mkahawa, ni kijiwe tu. Hakina kibao wala jina.

Swali langu ni la kihistoria. Kahawa imefikaje mahali isipoota? Na kwa nini hapa inakaangwa, wakati kule inakoota sehemu kubwa kabisa inasafirishwa ikiwa mbichi?

Tuanze na maneno

Kiswahili kina maneno mawili ya kitu hiki, na yote yametoka kwenye Kiarabu. Buni ni tunda na punje yake. Kahawa ni kinywaji. Siku hizi tumechanganya, tunasema "analima kahawa", na hakuna ubaya. Ila ule mgawanyo wa zamani una akili yake. Buni ni mali ya shambani, kahawa ni mali ya birika, na kati ya hivyo viwili kuna moto. Buni haijawa kahawa mpaka mtu aikaange. Halafu lugha ikaendelea kuzaa. Pale panaponywewa pakawa mkahawa, neno ambalo leo linabeba hata nyumba ya wali na maharage isiyouza kahawa kabisa. Rangi ya punje iliyokaangika ikawa kahawia. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kuonja kahawa, lakini viatu vyake vya shule ataviita vya kahawia.

Kinywaji chenyewe kina umri unaojulikana. Katika karne ya 15, watu wa tarika za Kisufi kule Yemen walikuwa wakinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 gavana wa Makka aliipiga marufuku, akidai watu wanakusanyika wakiinywa na kusema yasiyofaa. Marufuku haikudumu. Mwaka 1675 Mfalme Charles II wa Uingereza naye akatangaza kufunga nyumba za kahawa kwa sababu hiyohiyo ya maneno. Ilibidi arudi nyuma ndani ya siku chache tu, mwanzoni mwa 1676, kwa jinsi watu walivyokuja juu. Hilo la maneno tutalirudia, maana ndilo lililonipeleka Majengo.

Misafara ya Mgunda Mkali

Pwani yetu iliipata kahawa ya kunywa kupitia biashara na Uarabuni. Kutoka pwani ikapanda bara na misafara. Hapa ndipo Singida inapoingia, ingawa wakati huo hapakuwa na mkoa wa jina hilo. Njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo, kisha ikakata pori lililoogopwa na kila mpagazi, Mgunda Mkali. Pori hilo leo liko upande wa Manyoni na Itigi, kusini mwa Mkoa wa Singida. Maji yalikuwa shida na vijiji vilikuwa mbali. Ukilivuka salama, mbele yako ni Kazeh, karibu na Tabora ya leo, ambako Waarabu wa Oman walikuwa wamejenga nyumba zenye baraza na kuishi maisha ya Kipwani katikati ya bara.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh Novemba 1857. Katika kitabu chake kuhusu nchi za maziwa, kilichotoka 1860, Burton anaeleza jambo ambalo vitabu vyetu vya shule huliruka. Anasema kulikuwa na kahawa ya Karagwe, iliyoota huko, na wenyeji hawakuinywa bali waliitafuna. Anasema pia kwamba mara nyingine misafara iliileta Kazeh, ikauzwa kwa bei ya juu.

Hebu tulia hapo kidogo. Tunafundishwa kwamba kahawa ililetwa na wamisionari. Kwa upande wa arabika ya Kilimanjaro ni kweli: Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipanda Kilema katika miaka ya 1890. Lakini upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, robusta ilikuwepo, ilikuwa na heshima, na ilikuwa na matumizi yake, kabla Mzungu yeyote hajauliza njia. Wahaya huchemsha matunda mabichi pamoja na majani yenye harufu, wanayakausha, wanatafuna. Mgeni hukaribishwa kwa punje hizo. Watu wawili wakichanjiana udugu, waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akila ya kwake iliyogusa damu ya mwenzake. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zilizolaliana, basi alama ya undugu ilikuwa tayari imo ndani.

Kwa hiyo katikati ya karne ya 19, tabia mbili zilikuwa zikisogeleana: kahawa ya kunywa ikipanda kutoka pwani, kahawa ya kutafuna ikishuka kutoka Karagwe. Na pori la Mgunda Mkali lilikaa kwenye njia hiyo, likiona mizigo inapita juu ya vichwa vya watu.

Uani Majengo

Nilipelekwa pale na binamu yangu anayefundisha mjini. Tulifika saa mbili asubuhi. Kijiweni kulikuwa na benchi tupu, jivu la jana na paka. "Shughuli iko ndani," akasema, tukazunguka uani.

Aliyekuwa anakaanga ni mama wa makamo ya bibi yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, kaa huko upepo unakotoka, moshi usikuue." Ndiyo somo la kwanza nililopata.

Jiko lilikuwa mafiga matatu na kuni zilizokwisha kuwa makaa. Juu yake karai zito la chuma, jeusi ndani na nje. Buni ilikuwa ya kijivu inayoelekea kijani, haina harufu ya maana, ukiinusa unafikiria choroko. Aliimimina kama kilo mbili hivi, akaanza kukoroga kwa mwiko mrefu, na kuanzia hapo mkono haukusimama. "Ukiacha uitikie simu, umeunguza," alisema. Rangi ikaenda njano, ikaenda kama mchanga, ikaingia kahawia. Maganda membamba yakaanza kuruka na upepo wa Singida ukayachukua. Kisha punje zikaanza kupasuka, pa, pa, papapa, kama bisi zinazoona haya. Hapo harufu ikageuka ghafla. Akapunguza moto kwa kuvuta makaa pembeni, akasikiliza. Nasema akasikiliza kwa maana yake halisi: aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango. Mpasuko wa kwanza ulipotulia alihesabu kimoyomoyo, akaipua, akaimwaga yote kwenye ungo na kuipeta ipoe.

Nikamuuliza anahesabu mpaka ngapi. Akacheka. "Sihesabu namba. Nasoma Ayatul Kursi. Ikiisha, imeiva."

Nimesoma maelezo ya wakaangaji wa Ulaya na Marekani wenye mashine zenye kipimajoto na saa. Wanasema yaleyale: punje hupasuka joto likikaribia nyuzi 200, na sekunde zinazofuata ndizo zinazoamua ladha. Tofauti ni saa gani mtu anaitumia.

Kilo ya buni, aliniambia, haitoki kilo. Moto unakula kipande. Ni kweli, punje hupoteza takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake kwa kukaangwa, sehemu kubwa ikiwa maji. Yeye analijua hilo kwa kikopo: vikopo vitano vya buni vinatoka vizito kidogo kuliko vinne, ingawa kwa macho vimeongezeka, maana punje huvimba. Mteja asiyejua hudhani amepata faida.

Baada ya hapo ni kinu na mchi, halafu chekecheo. Jioni unga unaingia kwenye birika la shaba lenye sehemu ya makaa chini yake, pamoja na tangawizi iliyopondwa na iliki kidogo. Sukari hakuna. Kahawa ni chungu, utamu ni wa kashata ya karanga unayoshika mkono wa pili. Kikombe kidogo ni shilingi 200.

Buni yake inatoka Kagera, inakuja na malori yanayokatiza Singida kuelekea Dodoma na Dar es Salaam. Ni robusta: kali, yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika, na inayovumilia kuchemshwa muda mrefu. Arabika ya mlimani, alisema, "ukiichemsha hivi inanuna." Basi ile bidhaa adimu iliyofika Kazeh kwa misafara, leo inashuka kutoka nchi ileile ya Karagwe na majirani zake, inapita hapahapa, ila siku hizi inashushwa gunia moja.

Baba aliyechuma asichokunywa

Mume wake, mzee mwenye birika, alitoka ndani akatukuta. Alipojua nauliza historia alivuta kigoda.

"Baba yangu alifanya kazi kwenye kahawa kabla mimi sijazaliwa," alisema. "Huko Arusha, kwa mzungu. Walikwenda kwa miguu. Alichuma miaka, na hakujua inanywewaje."

Hadithi hiyo si ya baba yake peke yake. Wakati wa ukoloni, wilaya za Singida na Kondoa zilikuwa chanzo cha vibarua kwa mashamba ya walowezi wa kaskazini. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwenye shamba la mtu mwingine. Reli ya kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikipita Manyoni. Lakini kwa Mnyaturu au Mnyiramba wa kaskazini mwa mkoa, barabara ya kazi ilikuwa ile ya kuelekea Arusha na Moshi.

Kwa hiyo unapoisoma historia ya kahawa ya Tanganyika, kuna sura mbili zinazojulikana na moja isiyoandikwa sana. Sura ya kwanza ni ya walowezi waliotaka kahawa iwe yao peke yao. Nchini Kenya walifaulu kwa muda mrefu: Mwafrika alianza kuruhusiwa kidogokidogo katika miaka ya 1930, na kwa upana katika miaka ya 1950. Sura ya pili ni ya Wachaga waliokataa kunyang'anywa. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wapanda kahawa wa Kilimanjaro, KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Haikuwa shwari. Mwaka 1937 kulizuka ghasia Kilimanjaro, wakulima wakipinga kulazimishwa kuuza kupitia chama wakati bei iko chini. Mwaka huohuo Bukoba nako kukachafuka kwa sababu ya kanuni za serikali kuhusu utunzaji wa mibuni.

Sura ya tatu ni ya wale wasiokuwa na mbuni hata mmoja. Waliobeba magunia, waliopalilia, waliochuma kwa debe. Mkulima wa Marangu angalau alijua bei inapanda au inashuka. Kibarua kutoka Singida alijua debe tu. Ndiyo maana neno la yule mzee lilinikaa: hakujua inanywewaje. Kahawa kwake ilikuwa tunda jekundu linalokwenda kwenye meli.

Uhuru haukubadilisha sana mwelekeo wa meli. Kahawa ikawa nguzo ya fedha za kigeni. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya dunia, na nchi yetu ikavuna. Mwaka uliofuata, 1976, serikali ikavunja vyama vya ushirika, ikavirudisha kwa sheria ya 1982. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ulivunjika na bei zikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Katika mapito yote hayo, kitu kimoja hakikubadilika: inayotoka ni buni, haijaonja moto. Kinachonywewa nchini ni sehemu ndogo, chini ya asilimia kumi ya mavuno. Bukoba ina kiwanda chake cha kahawa ya papo hapo, Tanica, matunda ya miaka ya 1960, na makopo yake utayakuta hata duka la mwisho la kijiji. Lakini kwa jumla, thamani inayoongezwa na moto inaongezwa Hamburg, Trieste na Yokohama.

Hesabu ya uani Majengo ni ndogo mno kuitikisa dunia. Lakini mwelekeo wake ni mwingine. Mtoto wa kibarua ananunua buni kwa fedha yake, mkewe anaitia moto, na faida ya moto inabaki mtaani: ada za shule, dawa, bati moja moja.

Maneno ya jioni

Saa kumi na moja benchi lilijaa. Mafundi baiskeli, dereva mstaafu, mwalimu, mchuuzi wa vitunguu, kijana mmoja wa bodaboda aliyekaa juu ya pikipiki yake. Mzee akigonga vikombe viwili, ka-ka-ka, mlio ambao mtu wa pwani angeutambua akiwa usingizini. Gazeti lilikuwa moja, limekunjwa mara nyingi. Mwalimu alisoma kichwa cha habari kwa sauti, dereva akakipinga kabla hakijaisha.

Wapenzi wa fasihi tuna deni kwa mabenchi haya. Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, gazeti la serikali kwa Kiswahili, wasiojua kusoma walikuwa wengi kuliko wanaojua. Nakala moja ilisomwa na mmoja na kusikilizwa na kumi. Mashairi yaliyotumwa magazetini yalijibiwa kwa mashairi, na ubishi wake ulikuwa ubishi wa barazani uliotiwa vina. Zanzibar watu wanajua nini maana ya Jaws Corner kwenye siasa za vyama vingi: pembe ya Mji Mkongwe ambapo kahawa na upinzani vilichemka kwenye birika moja. Gavana wa Makka na Mfalme Charles hawakukosea kuhofia. Walikosea kudhani dawa ni kuzima moto.

Lakini kuna jambo nililiona Majengo ambalo sifa za kijiwe hazilitaji. Kwenye benchi hapakuwa na mwanamke. Mimi nilipewa kiti kwa sababu ni mgeni na nina daftari. Aliyekaanga alikuwa upande wa pili wa ukuta, anasikia kila kitu. Mjadala ulipofika kwenye bei ya alizeti, dereva akataja bei ya msimu uliopita, sauti ikaja kutoka uani: "Si kweli, iliuzwa chini ya hapo, mimi niliuza!" Wanaume wakacheka. Dereva akarekebisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini msemaji mwenye takwimu sahihi yuko nyuma ya ukuta.

Nilimuuliza bibi baadaye kama hatamani kukaa pale. "Nikae nifanye nini? Maneno yao nayasikia bure. Wao wanalipa mia mbili." Halafu akanyamaza, akiokota punje zilizoungua kwenye ungo. "Ila hawajui kwamba kahawa ya Jumatatu si ya Ijumaa. Wanadhani inatoka kwenye birika."

Anachokitaka, aliniambia, ni mjukuu mmoja wa kumrithisha mkono. Binti zake wameolewa Dodoma na Mwanza. Mjukuu wa kiume aliye hapa anaona aibu kukaa jikoni, ila anataka sana kulibeba birika. Kijana huyo amemshauri babu yake wanunue unga wa pakiti, ni rahisi, hauna moshi. Mzee bado hajasema ndiyo, hajasema hapana. Wakikubali, kijiwe kitabaki, benchi litabaki, gazeti litasomwa. Kitakachoondoka ni kile kidogo kati ya buni na kahawa, na wateja huenda wasijue kimeondoka lini.

Ukipita Singida kuelekea Mwanza, na basi lako likapata pancha kama kawaida yake, chukua bodaboda mpaka Majengo ufuate harufu. Anakaanga Jumatatu na Ijumaa, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kaa upande upepo unakotoka. Na ukimkuta mjukuu pembeni ameshika mwiko, mwamkie vizuri.